Kufunga GPS kwenye magari ya kazi: mwongozo kamili kwa mwenye magari machache

Nilipoanza kusimamia magari ya kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, tulikuwa na matipa tisa, Canter tatu na pikapu mbili, yote yamefungwa GPS, kifaa kinachokuonyesha kwenye ramani ya simu gari liliko. Kila usiku nikifungua simu nilikuta alama kumi na nne zimelala yadini Tegeta, nami nikalala kwa amani. Mwezi wa tatu fundi wa matairi akaniuliza: hili tipa namba saba linaenda wapi, mbona tairi zake zimeisha namna hii?

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Chini ya ile alama ya gari, kwa maandishi madogo, paliandikwa saa ya taarifa ya mwisho: saa mbili na dakika kumi usiku. Utingo alikuwa akichomoa fyuzi, gari linatoka kubeba mchanga wa watu wengine, linarudi alfajiri, fyuzi inarudishwa mahali pake. Ramani ilinionyesha gari lilikokuwa mara ya mwisho, mimi nikasoma kwamba ndiko liliko.

Kifaa kile hakikuwa kibovu. Kilichaguliwa bila swali, kikafungwa mahali kila mtu anapojua, na hakuna aliyefundishwa kukisoma. Tangu hapo nimefunga, nimefungua na kubadilisha vifaa vingi, na ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa mtu aniambie kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Nimewalenga wenye magari matatu hadi thelathini, kwa sababu kampuni kubwa zina watu wa kazi hii.

1. Andika hasara yako kabla ya kumpigia muuzaji

Chukua karatasi uandike ni wapi hela inapotea. Usiandike "nataka kujua gari liko wapi", maana kujua tu hakurudishi hela. Andika kama unavyoiona: mafuta ya tipa yanaisha kabla ya tripu ya nne. Wateja wanalalamika mzigo unachelewa. Pikapu inaonekana Mbagala siku ya Jumapili. Matengenezo hayafuati kilomita. Unaogopa gari kuibwa.

Kila mstari unadai kitu chake. Anayeogopa wizi wa gari zima anahitaji kifaa kilichofichwa vizuri, chenye betri ya ndani, na labda cha pili kinachojitegemea. Anayepoteza mafuta anahitaji kipimo ndani ya tenki, maana GPS peke yake haijui lita. Mwenye greda, jenereta au trekta anahitaji kuhesabu saa za injini, kwani kilomita hazimwambii chochote. Anayetaka kumwonyesha mteja mzigo ulipofika anahitaji zaidi programu nzuri kuliko kifaa cha gharama.

Kama karatasi yako ina hasara tano, chagua mbili. Mfumo unaonunuliwa ili utatue kila kitu huishia kutofunguliwa na mtu.

2. Jua kinachofanyika ndani ya kifaa

Wauzaji wengi hukupoteza hapa, kwa hiyo tulia kidogo. Setelaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Kifaa chako hakizungumzi nazo. Kinasikiliza tu, kinapiga hesabu na kujua kilipo, kwa kawaida ndani ya mita chache pakiwa peupe. Kikishajua, hutumia laini ya simu kupeleka taarifa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayozihifadhi, na wewe unaisoma hapo.

Ndiyo maana matatizo ni ya aina mbili, na dawa zake ni tofauti. Kifaa kikikosa anga, kwa mfano kimefunikwa na bati au gari limeegeshwa katikati ya maghorofa ya Kariakoo, mahali hupotea au huruka mtaa wa pili. Kikikosa mtandao wa simu, mahali kinapajua, ila hakiwezi kukuambia. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ina vipande vingi ambako simu hunyamaza. Kifaa kizuri huhifadhi nukta zote za njiani na kuzituma mtandao ukirudi, kila moja na saa yake. Kibaya huzitupa, nawe unaona mstari mmoja mnyoofu ukikata porini.

Uliza pia kinatuma kila baada ya muda gani. Gari la kilomita 60 kwa saa hutembea kilomita moja nzima kwa dakika. Kifaa kinachotuma kila dakika tano kitakuruka kilomita tano, na ndani yake pana sheli, pana njia ya mchepuko, na muda wa kutosha kushusha madumu mawili. Kwa matipa ya mjini ninaweka sekunde 30, na nadai kifaa kitume pia kila gari linapokata kona. Hicho cha kona ndicho kinachofanya njia kwenye ramani ifuate barabara badala ya kupita juu ya nyumba za watu.

3. Kagua magari yako

Hatua hii ni ya nusu saa na kalamu. Kwa kila gari andika aina, mwaka, namba, na voti za umeme wake. Pikapu, Hiace na magari madogo ni voti 12. Fuso, Scania na malori makubwa mengi ni voti 24, na injini ikiwa inachaji huvuka 28. Kifaa kilichoandikwa kwamba kinahimili mwisho voti 24 kitaungua kwenye lori. Tafuta kinachofika 30 au zaidi.

Andika pia lipi lina kompyuta. Malori ya kisasa yana njia ya ndani ya mawasiliano ambayo kifaa kinachofaa huweza kuisoma: mafuta, mizunguko ya injini, joto, kilomita halisi za dashibodi. Fuso la miaka ya tisini halina kitu hicho, na muuzaji akikuahidi "data zote za injini" kwa gari kama hilo, agana naye. Kuna vile vya kuchomeka kwenye tundu la fundi la kupimia gari. Kufunga ni sekunde tano, kuchomoa ni sekunde mbili. Gari analoendesha mwenyewe mwenye mali, sawa. La dereva wa kuajiriwa, hapana.

4. Uliza sheria inakutaka nini

Kama una mabasi ya abiria, usinunue chochote kabla ya kuzungumza na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Mabasi ya mikoani hufuatiliwa na mfumo wake wenyewe, na kuna kitufe cha utambuzi ambacho dereva hugusisha ili ijulikane ni nani anaendesha. Kifaa chochote cha dukani hakitakidhi hilo. Mizigo inayopita kwenda nchi jirani nayo huwekewa ufuatiliaji wa forodha, na ule ni wa serikali. Haukusaidii kujua dereva wako amelala wapi.

Halafu kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawajalisikia. Safari za dereva ni taarifa zake binafsi pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa mwenye magari tafsiri yake ya kila siku ni hii: mwambie dereva kwamba gari lina GPS, mweleze unarekodi nini na kwa ajili gani, aweke sahihi, na usizigawe taarifa hizo ovyo.

5. Kifaa chenyewe

Sokoni kuna makundi mawili. Kuna vya bei nafuu sana kutoka viwanda visivyojulikana, vinavyouzwa mitandaoni na kwenye maduka ya vifaa vya magari, na kuna vya kampuni zinazotengeneza kwa ajili ya magari ya kazi, kama Teltonika na Ruptela za Lithuania au Queclink ya China. Siwezi kusema kila cha bei nafuu ni kibaya. Lakini soma kisa hiki. Julai 2022 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao ilitoa onyo kuhusu kifaa cha MiCODUS MV720, cha bei ya takriban dola 20. Watafiti wa BitSight walikuwa wamegundua kasoro sita, ikiwemo nywila kuu moja iliyochomekwa ndani ya mfumo, ambayo aliyeijua angeweza kufuatilia gari la mtu mwingine au hata kulikatia mafuta. Mtengenezaji huyo alidai vifaa vyake milioni 1.5 vinatumika, na watafiti waliwakuta watumiaji wake katika nchi 169. Kwa hiyo ukinunua chochote, jambo la kwanza ni kubadilisha nywila ya kiwandani. Mara nyingi ni 123456, na kila fundi mjini anaijua.

Haya ndiyo ninayodai kwa kila gari la kazi. Betri ya ndani, hata ndogo, ili waya ukikatwa kifaa kipate nguvu ya kupiga kelele na kukuambia saa na mahali kilipokatwa. Laiti tungekuwa nayo kwenye tipa namba saba. Kumbukumbu ya ndani ya kuhifadhi nukta kukiwa hakuna mtandao. Waya wa kutambua swichi, ili ujue injini inanguruma au gari limezimwa. Bila huo huwezi kupima muda wa gari kusimama likiwaka, na dizeli ya bure huungulia hapo, lita mbili au tatu kwa saa kwa lori kubwa. Uwezo wa kupokea marekebisho ya programu kwa mbali. Hili la mwisho linaonekana dogo hadi siku ya siku: tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS, ambayo hufika 1,024 na kuanza upya, ilirudi sifuri, na vifaa vya zamani visivyorekebishwa vikaanza kutoa tarehe za uongo.

Kuhusu mtandao, mtandao wa 2G bado unafika vijijini kwetu kuliko mwingine wowote, lakini nchi kadhaa zimekwisha kuuzima. Singapore ilifanya hivyo mwaka 2017. Kama unategemea kifaa kikae miaka mitano, lipia zaidi upate cha 4G kinachoweza kushuka 2G kinapokosa.

Vile vya sumaku, vya kubandika chini ya chesi, ninavitumia kwa kazi moja: kuwa cha pili, kisicho na waya, kimefichwa, kinaamka mara moja au mbili kwa siku kutuma mahali kilipo. Gari likiibwa na cha kwanza kikang'olewa, hicho ndicho kitakachosema. Kukitegemea kama kifaa kikuu ni kujipa kazi ya kuchaji kila wiki.

6. Kama shida yako ni mafuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaonipigia simu wengi shida yao ni hii.

Mafuta hupotea kwa njia tatu. Yananyonywa kwenye tenki gari likiwa limesimama. Yanaandikwa kwenye risiti bila kuingia kwenye tenki: risiti ya EFD inasema lita 100, tenki limepokea 85, na tofauti wamegawana. Au yanaungua kihalali kwenye tripu ambazo si zako. GPS ya kawaida inakamata ile ya tatu tu. Mbili za kwanza zinahitaji kipimo.

Kutegemea geji ya gari ni rahisi, na kwa lori jipya lenye kompyuta inaweza kutosha. Kwa gari la zamani, ile boya ya ndani ya tenki hupanda na kushuka kwa kukwama, na wizi wa lita 15 hauonekani kabisa. Dawa ni kipimo cha fimbo: tenki linatobolewa juu, fimbo inashuka hadi karibu na sakafu, na inapima kimo cha mafuta bila kitu kinachocheza.

Fimbo hiyo haina maana bila kupimiwa tenki lake. Tenki linamwagwa hadi tupu, kisha linajazwa kwa dumu la lita 20 lililohakikiwa, na kila dumu likiingia namba ya fimbo inaandikwa. Tenki la lita 300 ni madumu kumi na tano, karibu nusu siku ya kazi. Fundi akikuambia ataweka "vipimo vya kawaida vya Fuso" amalize kwa dakika ishirini, mkatalie. Tenki mbili zinazofanana kwa macho hazifanani kwa ndani. Moja imebonyea, nyingine ilishachomelewa. Simama mwenyewe pale, uhesabu madumu, na uitunze karatasi ile.

Jiandae kuona namba zikicheza. Lori likipanda mlima Kitonga mafuta yote hurudi nyuma ya tenki na mchoro hushuka kama yameibwa, kisha hupanda likifika juu. Programu nzuri hulainisha mawimbi hayo, na tenki refu huwekewa fimbo mbili. Wizi una sura yake: mchoro unashuka wima, gari halitembei, swichi imezimwa. Ukiona hivyo mara moja, usimfuate dereva. Ukiona mara tatu mahali pale pale, sasa una jambo la kuzungumza.

Kama huna hela ya fimbo, anza na daftari. Kila gari lijazwe tenki hadi mdomoni kila mara, kilomita za GPS zigawanywe kwa lita za risiti, na gari lilinganishwe na lenyewe kwenye njia ile ile. Tipa lililokuwa likienda Lugoba kuchukua kokoto kwa kilomita 3.2 kwa lita, likishuka ghafla hadi 2.6 bila sababu ya fundi, limekupa habari.

7. Kuzima gari kwa simu

Kila mteja hukipenda kipengele hiki, na hakuna ninachokiogopa kama hiki. Kifaa huunganishwa na relei, swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, na ujumbe mmoja unakata umeme wa gari. Gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, injini inaacha kusaidia breki, na nyuma yake kuna watu. Kwenye mteremko ni kuua.

Ukiona lazima, relei ikate njia ya stata, ili gari likishazimwa lisiwake tena. Ikiwa inakata mafuta, mfumo ukubali amri pale tu gari limesimama. Fundi aiunganishe kwa namna ambayo kifaa kikifa gari linaendelea kuwaka. Relei ya voti 12 haifai kwenye gari la 24. Na mwenye ruhusa ya kubonyeza awe mtu mmoja, anayejulikana kwa jina.

8. Akaunti ni ya nani?

Kampuni ya kwanza tuliyofanya nayo kazi ilikuwa na watu wazuri. Tulipotofautiana juu ya ada na kutaka kuhama, tukagundua kwamba akaunti ilikuwa kwa jina lao, laini zilikuwa zao, nywila za vifaa walikuwa nazo wao, na safari zetu za miaka miwili zilikuwa kwenye seva yao. Tulinunua vifaa, lakini hatukumiliki chochote tulichoweza kuhama nacho. Tukaanza upya kabisa.

Kwa hiyo kabla ya sahihi, mkataba useme wazi: vifaa ni vyako, utapewa nywila ya kila kifaa na IMEI yake, yaani namba yake ya utambulisho, ukiondoka watakuachia uvielekeze kwenye seva nyingine, na unaweza kupakua safari zako zote kwa faili la kawaida la jedwali wakati wowote. Muuzaji anayekataa la tatu anakuambia mapema jinsi mtakavyoachana.

Vifaa vingi vinaweza kuelekezwa kwenye mfumo wowote unaoelewa lugha yake. Ipo hata programu huria, Traccar, inayoelewa itifaki, yaani lugha hizo za vifaa, zaidi ya 200 na ambayo kijana wako wa kompyuta anaweza kuiweka kwenye seva ya kukodi. Sishauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu seva ikilala usiku wa Jumamosi ni wewe utakayeiamsha. Ila kujua kwamba njia hiyo ipo hubadilisha namna unavyokaa mezani na muuzaji.

Mfumo wenyewe ujaribu kwenye simu yako ya kawaida, siyo kwenye kompyuta yao yenye kioo kikubwa. Tafuta vitu vitatu: saa ya taarifa ya mwisho inaonekana kwa maandishi ya kusomeka? Unaweza kuchora eneo, mfano yadi au mgodi wa kokoto, ukaambiwa gari linapoingia na kutoka? Ripoti ya jana inaweza kukujia yenyewe kila asubuhi?

9. Laini ya simu

Isajili kwa jina la kampuni, iondoe namba ya siri (PIN), na uwe na bando la data la muda mrefu. Matumizi ni madogo kuliko watu wanavyodhani: taarifa moja kila sekunde 30 kwa saa kumi ni taarifa 1,200 kwa siku, na kama kila moja ina baiti 100 hivi, mwezi mzima wa siku 26 ni kama megabaiti tatu. Kinachoua laini ni bando kuisha bila mtu kujua. Weka tarehe zote za kuisha ziwe siku moja.

10. Piga hesabu ya miaka mitatu

Tuseme muuzaji mmoja anatoa kifaa kwa shilingi 120,000 na ada ya 25,000 kwa mwezi. Mwingine kifaa ni 260,000 na ada 12,000. Kwa miezi 36, wa kwanza anakugharimu 1,020,000 kwa gari na wa pili 692,000. Kwa magari kumi na nne tofauti ni 4,592,000, na kifaa cha "bei poa" ndicho kilichokuwa ghali. Ongeza kwenye hesabu yako kufunga, kuhamisha kifaa gari likiuzwa, na nauli ya fundi gari likiwa Mbeya. Uliza hasa kama wana fundi huko au mtamlipia basi.

11. Jaribu mwezi mmoja kabla ya kununua vyote

Chagua magari matatu yenye maisha tofauti: la mjini, la safari ndefu, na lile lenye dereva mjanja kuliko wote. Funga vifaa vya wauzaji wawili au watatu, ulipie mwezi mmoja, kisha uvitese. Toa waya wa betri uone tahadhari inakuja baada ya dakika ngapi. Peleka gari pasipo na mtandao, lirudi, uone kama nukta za njiani zinajaza. Linganisha kilomita za kifaa na za dashibodi kwa wiki nzima. Liegeshe usiku uone kama alama inatembeatembea na kukuongezea kilomita za uongo. Wapigie simu huduma kwa wateja Ijumaa jioni.

Hicho cha mwisho kimenisaidia kuchagua kuliko kurasa zote za sifa nilizowahi kusomewa.

12. Siku ya kufunga

Mafundi wengi hufunga kifaa chini ya usukani, karibu na kisanduku cha fyuzi, kwa sababu waya zote zipo pale. Madereva wote wanajua hivyo. Mwombe afunge magari yako mahali tofauti tofauti: nyuma ya kisanduku cha dashibodi cha kuwekea vitu, nyuma ya redio. Plastiki na kioo havizuii mawimbi, bati huzuia. Upande wa antena utazame juu, na pasiwe karibu na joto la hita au maji ya kuvuja.

Umeme uchukuliwe kwenye waya unaokaa na moto muda wote, na kifaa kiwe na fyuzi yake ndogo. Viungo vichomelewe kwa risasi na kufungwa vizuri, siyo kusokotwa na kuvishwa selotepu. Uliza pia kifaa kinakula umeme kiasi gani gari likiwa limelala. Kinachokula miliampea 40 bila kulala kinanyonya karibu ampea-saa moja kila siku. Gari likikaa gereji wiki tatu, ampea-saa 20 za betri zimekwenda na lawama itaangukia betri. Kinachojua kulala hakikuletei shida hiyo.

Na kwa matipa: kila mnapochomelea bodi au chesi, toeni waya za betri kwanza. Nimeshuhudia vifaa viwili vikifa siku moja kwa kusahau hilo.

13. Kaa na madereva

Fanya hivi kabla ya fundi kuja, siyo baada. Sisi mara ya kwanza tulifunga kimya kimya, wakagundua siku ya pili, na vita ya fyuzi ikaanza. Mara ya pili tuliwaita wote yadini asubuhi, tukawawekea ramani ukutani, kila mmoja akaona safari yake ya jana. Tukawaeleza kitakachoangaliwa na kisichoangaliwa. Mzee mmoja aliyeendesha malori tangu ujana wake akauliza: "Na mteja akinisingizia, hiyo ramani itanitetea?" Nikamwambia ndiyo.

Wiki ya nne ilimtetea. Mteja wa Bunju alidai mchanga haukufika. Rekodi ilionyesha gari limeingia getini kwake saa tano na robo, likakaa dakika 23, likatoka. Tulimtumia mteja picha ya ramani na akalipa siku hiyo hiyo. Mzee yule ndiye aliyewatuliza wenzake kuliko maneno yangu yote.

14. Wiki za mwanzo

Mpe mtu mmoja kazi ya kuangalia, dakika kumi na tano kila asubuhi, kabla ya magari kutoka. Mambo matatu yanatosha: gari gani halijatuma taarifa tangu jana, gari gani lilitembea nje ya saa za kazi, gari gani lilisimama likiwaka zaidi ya nusu saa. Tahadhari za papo kwa papo nazo zianze chache: waya kukatwa, gari kutembea usiku, mwendo kuvuka kilomita 80. Ukiwasha zote ishirini za kwenye menyu, simu italia kutwa na utaizima sauti, pamoja na ile moja uliyoihitaji.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza toa ile karatasi ya hasara, uweke namba mbele ya kila mstari. Pale ambapo hakuna kilichobadilika, ama kifaa si chake au hakuna anayesoma.

Na uwe na daftari moja: namba ya gari, IMEI ya kifaa, namba ya laini, nywila, tarehe ya kufunga, na mahali kilipofichwa. Nakala moja iwe ofisini kwako kwenye kabati la kufunga, nyingine nyumbani kwa mwenye magari. Isiwepo kwenye gari lolote, na fundi asiondoke nayo.